Magoti ya Fulgence Tarrade

Ukifika Castelvieil hata leo ukamtaja Fulgence Tarrade, mtu wa makamo yeyote ataanza kutabasamu kabla hujalimaliza jina. Atakusimulia alivyopiga magoti mbele ya pazia. Akishashusha glasi ya pili ya mvinyo atakuigizia kabisa: ataweka goti chini, atanyoosha mikono, atatoa ile sauti ya jogoo mchanga, na wenzake mezani watavunjika mbavu. Mimi nimezaliwa kando ya mto wetu na nimelelewa kwa maharage na mafuta ya bata bukini kama wao, kwa hiyo nina haki ya kusema: tunacheka kama wapumbavu. Hatujui tunachokicheka.

Fulgence alikuwa mtoto wa fundi mapipa, wa kijiji kilicho juu kidogo ya mto. Padri wa kijiji ndiye aliyemsikia akiimba kanisani, akamfundisha kusoma noti, akamwombea nafasi katika chuo cha muziki kule Toulouse. Huko kijana akafundwa kuimba nafasi za shujaa: yule anayependa, anayeonewa, na kufa sehemu ya mwisho huku wanawake wakitafuta leso. Hakutaka kitu kingine duniani. Alikuwa mfupi, mashavu mviringo, macho yametoka kidogo kama ya mtu aliyeamshwa kwa ghafla. Lakini ni kijana gani anayejitazama kwenye kioo akaona kilichopo? Yeye alimwona shujaa.

Kazi yake ya kwanza aliipata kwetu, Castelvieil, na kwetu mwimbaji haajiriwi na mkurugenzi. Mkurugenzi humleta tu. Anayemwajiri ni mji. Kila msimu unapofunguliwa, mwimbaji mgeni hujitokeza mara tatu, na baada ya mara ya tatu wenyeji hutoa hukumu yao hapohapo ukumbini, kwa makofi au kwa miluzi. Kamishna wa polisi huketi na utepe wake kifuani, akasikiliza kipi kimezidi, akatamka. Aliyekataliwa hufunga sanduku lake asubuhi, mkataba wake umekuwa karatasi ya kufungia soseji.

Na wakali hawakuwa matajiri wa vibanda vya pembeni, wala mawakili na wenye maduka waliokaa chini. Wakali walikaa juu kabisa, karibu na dari, mahali tunapopaita Peponi: watengeneza ngozi, mafundi viatu, wachinjaji, wapiga makasia. Hao walizijua nyimbo zote kwa moyo. Walipanda na mkate, na kitunguu, na funguo za nyumba zao, zile kubwa za chuma zenye tundu. Ufunguo kama ule ukiupuliza kwa ustadi hutoa mluzi unaokata masikio. Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Mluzi wa Peponi ungemrudisha.

Siku ya mara yake ya tatu, Fulgence aliimba vizuri mpaka ile sauti ya juu kabisa, pale shujaa anapomuaga mpenzi wake. Hapo koo likamsaliti. Sauti ilipasuka katikati, ikatoka kama jogoo anayejifunza kuwika. Yeye, badala ya kuendelea, akakodoa macho kwa mshangao, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyefanya kitendo kile.

Hakupigiwa hata mluzi mmoja. Walicheka. Walicheka mpaka wapiga fidla wakaweka vyombo vyao chini, mpaka kamishna akavua kofia kujipepea. Mkurugenzi wa wakati ule, Bwana Delpuech, mtu mnene mwenye harufu ya dawa ya nywele, alimkuta nyuma ya jukwaa ameegemea ukuta analia.

"Kama shujaa umekwisha," akamwambia. "Kama mchekeshaji, unaanza Alhamisi. Jifute uso."

Fulgence akajifuta uso. Ndivyo alivyoingia katika kazi yake ya maisha, kupitia mlango ambao hakuubisha.

Aliyemfunza alikuwa mzee Anglade, mchekeshaji aliyekuwa akistaafu, meno yamekwisha na magoti yamekwisha. Anglade hakumfundisha kuanguka wala kukunja uso. Alisema uso Mungu keshaukunja. Alimfundisha kungoja. Kicheko, alisema, ni maziwa jikoni: yakipanda usiyaguse, yakianza kushuka ndipo utie neno. Ukisema juu ya kicheko, neno limepotea na watu wamekasirika. Ukichelewa, wamepoa. Basi ngoja, mdomo wazi, usipepese, kisha sema.

Fulgence alilishika somo hilo hadi likawa si la kichwa tena, likawa la mwili. Mkewe Zélie, mshonaji wa mavazi ya jukwaani, alikuwa akimtania mezani: akicheka yeye, mume husimamisha kijiko hewani, supu ikidondoka kwenye kitambaa, mpaka kicheko kiishe ndipo amalize sentensi. "Na hapa pia tumelipa kiingilio?" humuuliza. Yeye hakuwa na habari kwamba anafanya hivyo. Mazoea yana tabu.

Msimu ukazaa msimu. Aliimba opereta, michezo ya kuimba ya kuchekesha, zote zilizokuja kutoka Paris na nyingine zilizoandikwa na mwalimu wetu wa piano: alikuwa mthibitishaji mikataba aliyelewa, mume anayefichwa kabatini, jenerali anayeogopa panya. Mji ulimpenda kama mtu anavyopenda kiti chake. Alipomzika Zélie, aliyekufa kwa kifua, nusu ya Castelvieil ilitembea nyuma ya jeneza. Na Jumapili iliyofuata nusu hiyohiyo ilikuwa ukumbini inamngoja atoke kabatini. Akatoka. Sijui alifanyaje. Alikuwa na binti wa miaka kumi na miwili nyumbani, na mkataba.

Binti huyo, Noémie, ndiye aliyekuwa maisha yake. Alikuwa na sura ya mama yake, na sauti ambayo haikutoka kwa yeyote. Fulgence aliisikia siku moja binti akisugua sufuria, akatoka nje akasimama uani kwa muda mrefu. Tangu siku ile hakumruhusu kuimba hata mstari mmoja wa opereta. Alimtafutia mwalimu, akamlipia Toulouse, akamkataza kumuiga baba yake hata kwa mzaha. Yeye alichekwa akaishi kwa kuchekwa. Huyu atasimama pale katikati, mahali pa shujaa, na hakuna atakayecheka. Hilo tu ndilo alilomwomba Mungu, na hakuwa mtu wa kumsumbua Mungu mara kwa mara.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye mwaka wa mafuriko makubwa, maana hapo ndipo alipojichimbia kaburi.

Mwaka ule mto ulipanda ukala mtaa mzima wa watengeneza ngozi. Baptistin Cazalbou, mtengeneza ngozi mwenye kifua kama mlango, alikuwa na mtumbwi. Mama yake mzee alikuwa juu ya paa. Cazalbou alivusha kwanza ngozi zake, mali ya mwaka mzima, kisha akarudi kumchukua mama. Aliporudi, paa halikuwepo. Haya ndiyo yaliyosemwa kwenye mikahawa, na mikahawani kila mtu alikuwa ameyaona kwa macho yake, hata waliokuwa wamejifungia vyumbani ng'ambo ya mji.

Kwetu mchekeshaji wa opereta ana ruhusa ya kuongeza beti zake mwenyewe juu ya mambo ya mji. Watu huzingoja kuliko mchezo wenyewe. Msimu uliofuata mafuriko, Fulgence aliongeza ubeti mmoja juu ya mtu mwenye mtumbwi, na kiitikio chake kilikuwa *Ngozi kwanza, mama baadaye*. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Ulimi hauna mfupa, na siku hiyo ulikuwa na wapiga fidla nyuma yake. Ukumbi ulipasuka, ukadai arudie, akarudia, akarudia tena.

Maneno yale yakashuka ngazi za ukumbi yakaingia sokoni. Mtu akijali fedha kuliko nduguye, anaambiwa ngozi kwanza. Watoto wa Cazalbou waliimbiwa shuleni. Mchinjaji alimuuliza mke wa Cazalbou akate nini, ngozi kwanza? Cazalbou mwenyewe aliendelea kupanda Peponi kila Jumapili, akikaa katikati, safu ya mbele, mikono juu ya ukingo. Fulgence baada ya msimu mmoja aliusahau ubeti, akaimba mengine juu ya meya. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa.

Noémie alirudi kutoka Toulouse akiwa na miaka ishirini na miwili, na Bwana Delpuech, ambaye sasa alikuwa mzee na harufu ileile, akampa nafasi ya mwimbaji wa kwanza. Mara yake ya kwanza aliimba vizuri kiasi kwamba wake wa mawakili walisahau kupunga pepeo zao. Makofi yalianza chini. Kisha juu ukasikika ufunguo mmoja, ukafuatwa na wa pili, ukafuatwa na Peponi nzima.

Msichana hakuelewa. Nyumbani aliipitia kila noti mezani kwa kidole, akitafuta kosa. Mara ya pili funguo zilianza kabla hajamaliza wimbo wa kuingilia. Fulgence, ambaye alikuwa akingoja pembeni na pua yake nyekundu ya kubandika, alichungulia juu kwenye mwanga wa gesi akaona nani ameketi katikati. Cazalbou hakuwa akimtazama binti. Alikuwa akitazama pembeni, mahali Fulgence aliposimama.

Ilibaki mara moja tu. Akikataliwa Castelvieil, mji wa baba yake, hakuna mji mwingine mkubwa wa kusini ambao ungemchukua. Mkurugenzi wa mji mwingine huuliza swali moja tu: nyumbani walimpokea?

Basi Fulgence akaenda kwa Cazalbou. Alienda mchana, saa ya kazi, akapita kati ya mashimo ya kulowekea ngozi, leso puani. Cazalbou alikuwa akikwangua ngozi ya ng'ombe juu ya gogo, wala hakuacha. Ukutani nyuma yake ulining'inia ufunguo mkubwa wenye kutu. Mtaa mzima uliujua: ni wa nyumba ya mama yake, iliyochukuliwa na mto. Ndio aliokuwa akipanda nao Peponi.

Fulgence akasema alichokuja kusema. Kwamba kosa ni lake, mtoto hana hatia. Kwamba anaomba radhi.

"Unaniomba hapa," akasema Cazalbou, "mbele ya ng'ombe aliyekufa. Ulinitukania wapi, Bwana Tarrade?"

"Ukumbini."

"Basi."

Fulgence akauliza anataka nini. Cazalbou akaweka kisu chini, akafuta mikono yake polepole kwenye aproni.

"Desturi unaijua kuliko mimi. Msanii aliyewakosea watu hutoka mbele ya pazia, hupiga magoti, huomba radhi. Babu yangu aliwaona wawili. Fanya hivyo Jumapili, kabla mchezo haujaanza. Useme jina langu. Useme ulidanganya. Ukifanya kama mtu, binti yako hatasikia ufunguo hata mmoja. Watu wangu nawajua. Lakini sikiliza. Ukinichezea pale, ukinichekeshea watu mara ya pili, nitampigia mluzi mpaka atakapopanda treni."

"Sitacheza."

Cazalbou akachukua tena kisu chake. "Mama ndiye aliyesema ngozi kwanza," akasema. "Alinipigia kelele kutoka juu ya paa. Alisema, zikienda hizo watoto watakula nini. Nilimtii mama yangu. Haya, nenda."

Fulgence alirudi nyumbani akiwa amekonda kwa siku moja. Hakumwambia Noémie. Alidhani, na hapa alikosea kama baba wengi wanavyokosea, kwamba ni heri msichana asijue kuwa nafasi yake imenunuliwa kwa magoti ya mzee wake. Alitaka aamini kwamba mji umemkubali kwa sauti tu. Aliomba ruhusa kwa Bwana Delpuech, ambaye aliitoa haraka kuliko ilivyostahili. Kila asubuhi alifunga mlango akasimama mbele ya kioo akijizoeza kusema maneno manne matano bila kukunja uso. Hilo lilikuwa kazi. Nyusi zilipanda zenyewe. Akizishusha, mdomo ulikwenda upande. Mwishowe alimfikiria Zélie kwenye jeneza, na uso ukatulia.

Jumapili mchana ukumbi ulijaa hadi ngazini. Fulgence hakuvaa vazi la mchezo wala hakubandika pua. Alivaa suti yake nyeusi, ileile ya mazishi ya mkewe, ndiyo nguo ya heshima pekee aliyokuwa nayo. Tangu mazishi yale alikuwa amenenepa. Vifungo vilimkaba na mikono ya koti ikaishia juu ya vifundo.

Fimbo ikagonga sakafu mara tatu, kama kawaida kabla ya pazia. Pazia halikupanda. Akatoka Fulgence peke yake, ndani ya suti ile, na waliokaa chini, ambao hawakujua lolote juu ya mashimo ya ngozi na mapatano, wakaona kitu kimoja tu: Tarrade wao, amevimba ndani ya koti la mtoto, amekunja uso wa msiba. Wakaanza kucheka kabla hajafika katikati.

Akangoja.

Hakukusudia. Mimi nitaapa hilo mbele ya msalaba wowote. Mwili wake ulisikia kicheko, ukasimama, mdomo wazi, macho bila kupepesa, mpaka maziwa yakaanza kushuka. Ndipo akasema:

"Mabibi na mabwana. Nimekuja kumwomba radhi mtu mmoja."

Wakacheka tena. Akangoja tena. Akapiga magoti, na magoti yakalia kama kuni kavu, nao wakalipokea hilo kwa furaha kubwa. Akangoja.

"Bwana Baptistin Cazalbou," akasema.

Ah, jina hilo! Basi ni ubeti mpya, wakasema chini. Mzee ameturudishia ule wa zamani kwa namna nyingine. Mwenye duka mmoja wa safu ya tatu, mtu aliyejiona mcheshi, akapaza sauti: "Ngozi kwanza!" Na ukumbi mzima, mawakili, wake zao, maofisa wa kambi, ukaitikia kwa pamoja: "Mama baadaye!"

Angepaza sauti hapo. Angewakemea, angepiga ngumi sakafuni, angesema lolote juu ya kelele ile. Mtu mwingine yeyote angefanya hivyo. Fulgence Tarrade alingoja kiitikio kiishe. Ameshika ukingo wa koti lake, machozi yanamtoka, anangoja, kwa sababu tangu ujana wake hakuwahi kusema neno juu ya kicheko.

Juu, Cazalbou alikuwa ameinuka. Alikuwa mtazamaji mzuri. Alikuwa amemtazama mtu huyu miaka yote hiyo, na alijua anapongoja huwa anafanya nini.

"Nilidanganya," akasema Fulgence. "Nilimkosea mtu mwema." Na kwenye neno hilo la mwisho koo likamsaliti mara ya pili maishani mwake. Sauti ikapasuka, ikatoka ya jogoo.

Sijui niseme nini juu ya kicheko kile. Wazee wanasema vioo vya taa vilitetemeka. Watu walishikana mabega. Fulgence alizungusha kichwa kutafuta pa kutazama, akamwona Noémie kwenye upenyo wa pazia, amevaa gauni jeupe la mchezo, mkono umeziba mdomo na mabega yanatikisika. Akashukuru. Akasema moyoni, angalau mmoja amenielewa, mwanangu analia pamoja nami.

Kutoka Peponi ukasikika ufunguo mmoja wenye kutu.

Noémie aliimba sehemu zote za mchezo ule ndani ya miluzi. Hakuacha. Wapiga vyombo hawakusikia walichokipiga, naye aliimba mbele yao akiwa wima kama mshumaa, na waliokuwa karibu wanasema hakukosa noti hata moja. Chini walijaribu kupiga makofi, lakini mikono ya wenye maduka huchoka upesi. Mwisho msimamizi wa jukwaa akatoka na glavu zake nyeupe, akainama mara tatu, akauliza kama wenyeji wanampokea Bibi Noémie Tarrade. Kamishna akasikiliza, akashika masikio, akatamka kwamba hapokelewi. Kisha, kwa kuwa watu walikuwa wamelipa na walitaka kurudi nyumbani wamefurahi, wakaanza kugonga sakafu kwa miguu na kumwita baba yake. Walitaka ya magoti. Tena, walisema. Tena!

Delpuech alimkimbilia akamwambia atoke. Fulgence alikuwa amekaa juu ya sanduku la mavazi, mgongo kwa watu. Hakutoka. Lakini kesho yake mkurugenzi alimweleza taratibu kwamba mji umeipenda, kwamba iingizwe kwenye mchezo, labda na suti ileile, na kwamba mtu mwenye umri wake afikirie vizuri kabla ya kukataa. Na nikuambie ukweli mchungu: msimu ule haukuisha kabla hajakubali. Alipiga magoti Jumapili kwa Jumapili, kwa miaka tisa iliyobaki ya kazi yake, na hakuna mwaka ambao hakupokelewa kwa makofi.

Alikutana na Cazalbou mara moja tu tena, juu ya daraja, siku ya pili baada ya hukumu. Mtengeneza ngozi alikuwa akisukuma mkokoteni.

"Nilikuambia usicheze," akasema Cazalbou.

"Sikucheza."

Cazalbou akamtazama usoni, akatafuta kitu pale kwa bidii, nadhani alitaka kweli kukipata. Uso ulikuwa ule uleule, mashavu yale, macho yale yaliyotoka.

"Basi Mungu akuhurumie," akasema, "maana sijapata kuona aliyecheza vizuri vile." Akausukuma mkokoteni wake.

Noémie aliondoka Alhamisi. Alikuwa amepata kazi ya kuimba katika mkahawa wa wanajeshi, mbali, mji wa bandari, ambako watu huimbiwa huku wanakunywa na hakuna anayeuliza umekataliwa wapi. Baba yake alimbebea sanduku hadi stesheni. Nyumbani baba alikuwa amepika, naye Noémie hakula. Baba alimuuliza, naye alijibu ndiyo na hapana tu. Fulgence alijua anachofikiri: kwamba baba, siku ya binti yake, hakuweza kujizuia, kwamba aliona ukumbi umejaa, akatoka kwenda kuuchekesha.

Treni ilikuwa imeshasimama. Noémie akapanda, akafungua dirisha, na hapo ndipo aliposema, bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Unajua kinachoniuma, baba? Si miluzi. Na mimi nilicheka. Nilisimama pale nyuma ya pazia, siku yangu, nikakuona na lile koti, nikaziba mdomo nikacheka mpaka nikalia. Sitaweza kujisamehe hilo. Na wewe ndiye uliyenifanyia."

Fulgence akasimama chini ya dirisha. Sasa alijua ni nini kilichoyatikisa mabega yale. Akaamua kusema yote: mashimo ya ngozi, mama juu ya paa, mapatano, mazoezi mbele ya kioo, suti ya mazishi ya Zélie. Yote yangeweza kusemwa kwa pumzi moja, na pumzi alikuwa nayo, alikuwa mwimbaji.

"Noémie," akasema, "mwanangu, mimi sikuwa…" Na sauti ikapasuka, ikatoka ya jogoo.

Stesheni ilikuwa na watu. Walikuwepo wapagazi, na askari wa likizo, na wanawake wa sokoni wenye vikapu vya kuku, na wote walikuwa wamekwisha kumtambua. Waliposikia sauti ile wakaangua kicheko, kicheko cha upendo, cha watu waliomwona mtu wao. Mpagazi mmoja akapiga goti moja chini na kunyoosha mikono, kumsaidia.

Noémie aliegemea dirishani, macho kwa baba yake. Alikuwa anasikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alikuwa anasikiliza kweli.

Fulgence alisimama pale, mdomo wazi, macho bila kupepesa. Alikuwa anangoja kicheko kiishe. Kabla hakijaisha, treni ikaondoka.